Waulize Wajuzi: Nani wa kuandikwa Wikipedia?

*Kamwene! Marehemu mwalimu wetu alianzisha shule na chama cha akiba na mikopo. Kata nzima inamjua. Nilimwandikia makala kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kesho yake ikabandikwa kigezo cha kufuta, yaani tangazo kwamba inapendekezwa kufutwa: "umaarufu hauonekani". Mbona vijana wa mpira wanazo makala? – Msomaji, Mafinga*

Kamwene, ndugu yetu. Hilo neno "umaarufu" ndilo linalowachoma wengi, maana linasikika kama tusi kwa marehemu. Wahariri hawapimi wema wake wala ukubwa wa kazi yake. Wanauliza jambo moja: je, watu wasio na uhusiano naye wamekwisha kuandika habari zake kwa kirefu, mahali panapoaminika? Chifu Mkwawa ana makala si kwa kuwa Wahehe wanamuenzi. Mapigano ya Lugalo ya 1891 yaliandikwa na Wajerumani wenyewe walioshindwa, fuvu lake likatajwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, na wanahistoria hawajaacha kumwandika hadi leo. Kijana wa mpira naye, akifunga Jumapili, Jumatatu yumo gazetini.

Kusanya kila karatasi inayomtaja mwalimu, uzitandaze mezani, kisha uanze kupunguza. Wasifu uliosomwa msibani uondoe, umeandikwa na familia. Jarida la kanisa lake na taarifa ya shule aliyoianzisha, ondoa. Mahojiano ambamo anajieleza mwenyewe tu, ondoa, pamoja na orodha zenye jina lake bila maelezo. Taarifa moja iliyochapwa vilevile na magazeti manne ihesabu kuwa moja. Yaliyobaki ndiyo mtaji wako. Hakuna idadi iliyowekwa, lakini maandishi mawili au matatu, kila moja likiwa na aya kadhaa zinazomhusu yeye, kwa kawaida husimama. Moja pekee huyumba. Si lazima yawe kwenye intaneti. Gazeti la 1974 lililomo maktaba linakubalika, mradi utaje jina la gazeti, tarehe, kichwa cha habari na ukurasa.

Wakati huohuo usikiondoe kile kigezo mwenyewe, wataona unaficha. Nakili maandishi yako yote uyahifadhi, kisha jibu kwenye ukurasa wa majadiliano kwa kuweka vyanzo. "Kwetu ni mtu mkubwa" haina uzito pale, hata mkiisema watu ishirini.

Tukubali kwamba hapa wazee wetu wanapunjwa: historia nyingi ya Nyanda za Juu Kusini imo vinywani, na simulizi isiyochapishwa haihesabiwi. Kubishana na wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, hakusaidii. Mpelekee habari mwandishi wa gazeti au mtafiti wa chuo, aihakiki na kuichapisha yeye. Kitabu ulichojichapishia mwenyewe hakitakuvusha. Hadi hapo, kata nyingi za Tanzania tayari zina makala fupi. Sentensi mbili juu ya shule na mwanzilishi wake, zenye chanzo, zinaingia humo bila ugomvi.

*Namsimamia mwimbaji wa injili mwenye watazamaji laki tano YouTube. Kuna mtu anataka pesa atutengenezee ukurasa na ametuhakikishia hautafutwa. Tulipe? – Uyole, Mbeya*

Msilipe. Hakuna anayeweza kutoa ahadi hiyo, kwa kuwa makala yoyote inaweza kujadiliwa na kufutwa. Isitoshe, masharti ya matumizi yanamtaka anayehariri kwa malipo atangaze nani anamlipa, na hawa wa mitaani hawatangazi. Wakigundulika, akaunti inaweza kufungwa na makala ikaenda nayo.

Watazamaji hawahesabiwi. Wanaonyesha kwamba watu wamebonyeza, tena mibonyezo hununuliwa. Kinachosaidia ni uchambuzi wa albamu gazetini au tuzo ya kitaifa iliyoripotiwa na vyombo vya habari. Mwambieni pia mwimbaji wenu kwamba makala haitakuwa mali yake: kashfa ikiripotiwa vizuri, itaandikwa humo, naye hana ufunguo wa kuitoa.

Kuhusu picha, wengi hukwama hapa. Kwa kawaida hakimiliki ni ya aliyepiga, si ya aliyepigwa. Mwenye studio ndiye anayepaswa kukubali leseni huria, inayoruhusu yeyote kuitumia hata kibiashara. Akisema "tumieni ila msiiuze", haipokelewi.

*Diwani wetu anastahili? – Tukuyu*

Kwa kiti cha udiwani peke yake, hapana. Mbunge kwa kawaida hupita, mgombea aliyeshindwa hapiti kwa kugombea tu. Kila lugha ya Wikipedia ina jumuiya yake na kanuni zake, hivyo kukubalika kwenye ya Kiingereza si tiketi ya huku. Diwani akiwa na jambo jingine lililoandikwa sana, hilo ndilo litakalombeba. Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, ana milango miwili: muziki, na ubunge wa Mbeya Mjini alioupata 2010.