Pikipiki ya Dar imechoka Njombe

SWALI: Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ya Kichina ya cc 125 nilikuwa naendeshea bodaboda Dar es Salaam, ikivuta vizuri. Tangu nihamie Njombe, kila mlima napanda kwa gia ya pili, moshi mweusi, na mafuta ya kutwa yanaisha saa nane mchana. Fundi wa hapa anataka niweke plagi ya iridiamu, na jeti, kile kitundu cha mafuta ndani ya kabureta, aitoboe kidogo ipitishe mafuta mengi. Nimkubalie?

JIBU: Marahaba. Usimkubalie. Mafuta unayo tele, kilichopungua ni hewa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Kariakoo kwa kama asilimia 18. Kabureta, inayochanganya hewa na mafuta, haijui kwamba mmehama, inamimina kama vile bado mko Dar.

Fungua plagi uone. Nabashiri ncha ina masizi makavu kama sufuria ya kuni. Iridiamu inadumu, sikatai, lakini nayo itapakwa masizi hayohayo. Injini ya mtindo wa CG125 inatosheka na plagi ya kawaida ya D8EA, mwanya wa ncha zake milimita 0.6 hadi 0.7.

Jeti usiiguse kwa waya. Nilipokuwa najifunza gereji niliwahi kuitoboa moja kwa sindano ya cherehani. Mwenye pikipiki alirudi baada ya siku tatu, na hakuja kunisalimia. Angalia namba iliyogongwa kwenye jeti kubwa. Kama ni 100, nunua 95. Ikibaki nzito katikati ya resi, pandisha klipu ya sindano ya kabureta mfuo mmoja, sindano ishuke, mafuta yapungue.

Skrubu ya sailensi, inayopanga mchanganyiko wa hewa na mafuta injini ikinguruma bila resi, irekebishe injini ikiwa imepata moto. Ikiwa upande wa chujio la hewa, kuifungulia kunaongeza hewa. Ikiwa upande wa injini, kunaongeza mafuta. Mafundi wengi huchanganya hapo. Ifunge hadi mwisho, kisha ifungulie mzunguko mmoja na nusu, utafute pale injini inapozunguka kasi zaidi bila kukohoa.

Kisha panda mlima resi zote, zima ghafla, chomoa plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia, umepata.

Jeti ya 100 itunze. Siku ukirudi Dar, irudishe kabla hujashuka mlima Kitonga, la sivyo plagi itakuwa nyeupe kama chaki na pistoni itababuka. Yangu nimeiweka ndani ya kiberiti, chini ya kiti.