Shangazi, tiketi tumeshakata na mtoto yuko Iringa

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 38, mume wangu 44. Huu ni mwaka wa kumi na moja wa ndoa yetu na Mungu hajatujalia mtoto. Tunaishi Minnesota, mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu anaendesha lori. Uraia wa Marekani tulichukua 2019. Mwaka jana tulipokuja likizo, rafiki alitupeleka kwenye kituo kimoja cha watoto yatima huko Iringa. Kuna mvulana wa miaka miwili alinipanda mapajani akalala. Tangu siku hiyo mimi ndiye sijalala. Msimamizi wa kituo anasema tukituma dola 4,000 atatushughulikia barua ya ulezi, tukija Desemba tunaondoka naye ndani ya wiki mbili. Anasema mtoto hana mtu, ila bibi yake huja kumwona mara moja moja. Tiketi tumeshakata, likizo ni wiki tatu. Mume wangu anasema kuna kitu hakijakaa sawa, mimi naona ananivunja moyo. Halafu mama mkwe ameniambia nisitangaze. Niseme nilijifungua huku na nikaficha kwa kuogopa macho ya watu, maana damu ya watu haiingizwi kwenye ukoo hivi hivi. Shangazi, twende? Na watu niwaambie nini?
Asiyelala, Minnesota

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilimwona yule mtoto aliyelala mapajani, nikaenda kuchemsha chai kwanza. Mara ya pili niliziona zile dola 4,000. Mara ya tatu nikanasa kwenye maneno manne: "ila bibi yake huja". Umeyapita mbio kama mtu aliyechomwa na mwiba akavaa kiatu juu yake. Nitayarudia hayo.

Nianze na tiketi, maana tiketi ina tarehe. Mwanangu, siku ile ya 2019 uliponyoosha mkono ukala kiapo, uraia wa Tanzania ulikutoka. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kushika viwili. Ndiyo maana mwaka jana pale uwanja wa ndege ulipanga foleni ya wageni ukalipa dola 100 za viza, na Kiswahili chako chote mdomoni. Sasa foleni hiyo inakufuata mpaka mahakamani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mgeni anayetaka kumwasili mtoto wa Kitanzania, yaani kumfanya wake kabisa kisheria, awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Awe pia amekaa na mtoto huyo kwanza kwa malezi ya kambo, afisa ustawi wa jamii akiwatembelea na kuandika ripoti, na asiwe na rekodi ya jinai. Na anayetoa amri ya kuasili ni jaji wa Mahakama Kuu. Msimamizi wa kituo hana mamlaka hayo, hata awe na mhuri mkubwa namna gani.

Najua inauma. Umezaliwa hapa, kitovu chako kimezikwa hapa, halafu unaambiwa wewe na Mjerumani mliyekaa kiti kimoja kwenye ndege ni wageni sawasawa. Mimi mwenyewe naona sheria ingeweza kuwatazama watu wetu wa ng'ambo kwa jicho jingine. Lakini siandiki hapa ili nikupe sheria ninayoipenda.

Na hiyo "barua ya ulezi" nakuomba uiogope kama moto. Ulezi na kuasili ni vitu viwili tofauti. Waganda wanaijua hadithi hii kuliko sisi. Kwao, wageni walikuwa wanapewa amri ya ulezi mahakamani, wanatoka na mtoto ndani ya wiki chache, wanakwenda kumwasili kwao. Baadaye zikaanza kusikika sauti za kina mama vijijini waliodhani mtoto amepelekwa shule na atarudi likizo. Mwaka 2016 Uganda ikabadilisha sheria na kuuziba mlango huo kwa wageni. Kenya ilikuwa imeshasimamisha kuasilisha watoto kwa wageni Novemba 2014. Ethiopia ikafunga kabisa Januari 2018. Kule Kongo, kuanzia Septemba 2013, serikali iligoma kutoa vibali vya watoto kutoka nchini, na kuna familia zilizokaa zaidi ya miaka miwili na hukumu ya mahakama mkononi, mtoto yuko Kinshasa na wao wako ng'ambo. Hao walikuwa na hukumu, mwanangu. Wewe utakuwa na barua. Siku utakaposimama mbele ya afisa uhamiaji na mtoto asiyekuita mama, atakayekuuliza maswali atakuwa anawaza usafirishaji haramu wa watu, na hatakuwa amekosea kuwaza hivyo.

Upande wa Marekani sitakaa sana, mumeo akitulia na kompyuta atayapata. Kwa nchi kama yetu mnaanza na fomu I-600A, ya kuiomba idara yao ya uhamiaji iwapitishe kuwa mnafaa kuasili mtoto wa nje. Pamoja na hiyo lazima mtaalamu aje kuikagua nyumba yenu na maisha yenu, na shirika lenye ithibati lisimamie kazi nzima. Mtoto lazima awe yatima kwa tafsiri yao, siyo kwa tafsiri ya kibao cha getini. Yaani wazazi wamefariki, au wamepotea, au wamemtelekeza, au amebaki mzazi mmoja asiyeweza kumtunza na ameandika kwamba anamwachia moja kwa moja. Usiruke hatua hizi. Wapo watu wazima Marekani, waliopelekwa wachanga kutoka Korea na kwingineko, ambao wazazi wao hawakumaliza karatasi. Wamekuja kujua si raia wakiwa na miaka arobaini, na baadhi wamerudishwa kwenye nchi wasiyoijua hata salamu yake.

Kwa hiyo, mumeo hakuvunji moyo. Anaendesha lori, kazi yake ni kutazama kioo cha nyuma. Na zile dola 4,000 zibaki benki. Anayekuambia pesa itafupisha njia ya mtoto, muulize risiti itaandikwa nini. Atakavyojibu, au atakavyonyamaza, utajua unaongea na nani.

Sasa mama mkwe.

Simlaumu sana, amekulia kwenye dunia ambayo mwanamke aliweza kufunga mto tumboni miezi mitano na jirani wakajifanya hawaoni. Lakini hebu tulifanyie mazoezi hilo neno lake. Mtoto ana miaka miwili na ushee. Anajua maneno. Siku ya kwanza ya kupiga simu ya video nyumbani, mtoto "aliyezaliwa Minnesota" anatokea kwenye kioo anaomba uji kwa lafudhi ya Kihehe. Utasema nini? Kwamba theluji ndiyo imemfundisha?

Nacheka, lakini siri hizi nimezizika na watu. Huwa hazitolewi na wazazi. Hutolewa msibani, na shangazi mwingine, aliyekasirishwa na mgao wa shamba: "Wewe nyamaza, wewe si wa hapa." Kijana ana miaka ishirini na mitatu, amesimama na koleo mkononi kwenye kaburi la baba yake. Na kisheria huyo shangazi anasema uongo, kwa sababu amri ya kuasili humfanya mtoto kuwa wenu kama mliyemzaa kwenye ndoa. Lakini kijana hajui, maana hakuna aliyewahi kumwambia kuna amri. Kilichomuumiza hapo ni kwamba ukoo mzima ulijua na yeye peke yake hakujua.

Kwa hiyo watu waambie hivi: "Tumemwasili. Ana nyumbani kwao na ana nyumbani kwetu." Basi. Atakayeuliza zaidi mpe chai. Mtoto naye aisikie hadithi yake tangu hajaielewa, wakati unamwogesha, kama wengine wanavyosikia "ulizaliwa siku ya mvua". Mama mkwe mwache mumeo azungumze naye. Hiyo ni kazi ya mwana, siyo ya mkamwana.

Kuna jambo jingine ambalo hukuuliza. Miaka mingi iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu kuchukua mtoto, msichana wa miaka mitatu, kwa njia zote za halali, jaji na ustawi wote wamepitisha. Tulifika nyumbani jioni. Chumba kimepakwa rangi, kitanda kina neti mpya. Mtoto alikataa kuvua viatu. Alilala navyo usiku nne. Chakula alikuwa hali, mpaka siku ya tatu dada wa kazi alipogonga kijiko kwenye kikombe cha bati, bahati tu, anakung'uta majani ya chai. Mtoto akaja mbio akakaa chini, mikono magotini, akafumba macho asubiri sala. Kule kituoni ndiyo ilikuwa kengele yao. Rafiki yangu alitoka nje akalia nyuma ya tangi la maji, maana alikuwa amepika kila kitu isipokuwa hicho. Na usiku mtoto alikuwa anaita jina. Halikuwa la mama yake. Lilikuwa la mlezi wa zamu ya usiku.

Nakwambia haya kwa sababu barua yako yote ina furaha yako na usingizi wako, na ni haki yako, miaka kumi na moja ya kuulizwa "vipi, bado?" kwenye kila harusi si mchezo. Lakini siku utakayompata, yeye atakuwa anapoteza. Hata kama anachopoteza ni kikombe cha bati.

Na huyu wako ana zaidi ya kikombe. Ana bibi.

Tuko wengi tunaotumia neno "yatima" ovyo. Si watoto wachache walioko vituoni wana mzazi au ndugu aliye hai. Wamefika pale kwa sababu mama alifariki akijifungua na nyumbani hakuna maziwa, au baba alikwenda kutafuta kazi, au bibi anaumwa miguu na hawezi kumkimbiza mtoto anayetambaa. Wengi wao walipelekwa kwa muda. Muda ukarefuka.

Halafu kuna neno letu lenyewe linalotuponza: kulea. Mimi nimelelewa na mjomba Moshi miaka sita, sijawahi kuwa mtoto wa mjomba. Likizo nilirudi, mahari yangu ilikwenda kwa baba. Hivyo ndivyo bibi yeyote wa kijijini anavyolijua neno hilo. Ukimwambia "kuna watu wa Marekani watamlea mjukuu wako", atafurahi, atabonyeza kidole gumba kwenye wino, na akilini mwake mtoto atarudi Desemba ijayo amenenepa. Kumbe kuasili kunakata. Mbele ya sheria, siku amri inapotoka, yeye si bibi tena. Je, kuna mtu amekaa chini akamwambia hilo, kwa Kihehe, taratibu, bila kalamu mkononi? Msimamizi anayesema mtoto "hana mtu, ila" sidhani kama ndiye.

Huja mara moja moja, umesema. Unajua nauli ya kutoka kijijini mpaka mjini kwa mwanamke asiye na pensheni? Huenda hiyo "mara moja moja" ni kila shilingi aliyonayo.

Sasa twende? Njooni. Tiketi msizichane. Ila njooni bila kiti cha mtoto ndani ya begi. Wiki ya kwanza nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, si ya kituo, uulize faili la mtoto: aliingia lini, nani alimleta, ndugu gani walitafutwa. Muone wakili wako mwenyewe, asiwe yule ambaye kituo kitakutafutia. Mkiona moyo wenu uko hapo kweli, zungumzeni kama mmoja wenu au wote mnaweza kurudi kuishi hiyo miaka mitatu. Wapo waliofanya hivyo, na wazee wa kuhudumiwa na malori ya kuendesha hata huku yapo. Mkiona haiwezekani, Minnesota kwenyewe wapo watoto walio chini ya uangalizi wa serikali wanaosubiri wazazi, na hamtahitaji pasipoti. Na ikionekana kilichompeleka huyu mvulana kituoni ni maziwa na ada tu, basi hizo dola 4,000 zingemweka kwa bibi yake miaka mingi, na wewe ukawa shangazi wa Marekani anayepigiwa simu kila Jumapili. Najua sivyo ulivyotaka kusikia.

Lakini kabla ya wakili, nenda kwa bibi. Usiende na msimamizi. Tafuta mama mmoja wa pale anayejua Kihehe vizuri, mbebee bibi sukari na sabuni kama mgeni yeyote, kaa utakapokaribishwa. Habari za Marekani ziache kwenye gari. Muulize mjukuu wake alipokuwa mchanga alikuwa anabembelezwa kwa wimbo gani, umwombe auimbe, na mumeo arekodi kwenye simu. Mtauhitaji wimbo huo, ninyi au yeye, vyovyote itakavyokuwa.

Ukirudi niandikie.

Shangazi