Maswali ya Wasomaji: Fedha, Dhahabu na Platini katika Kihisi cha Gesi

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ufundi wa umeme, Arusha. Nimejaribu kuunda kihisi cha gesi ya kupikia kwa kupaka oksidi ya bati, ambayo ukinzani wake hubadilika ikiguswa na gesi, juu ya kibao kidogo cha alumina (keramiki ngumu) chenye hita nyuma yake. Elektrodi mbili nilizichora kwa gundi ya fedha ya kupitishia umeme, ile inayouzwa katika bomba la sindano. Siku ya kwanza kilisoma vizuri, lakini siku ya tatu ukinzani ulipanda hadi multimita ikashindwa kuusoma, na elektrodi moja ikabanduka nilipoigusa kwa kibanio. Je, fedha si ndiyo inayopitisha umeme kuliko metali zote? Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwamba fedha inazishinda metali zote kwa kupitisha umeme, ila sifa hiyo haina uzito hapa. Tabaka la oksidi ya bati lina ukinzani wa maelfu ya omu, mara nyingi makumi ya maelfu, kwa hiyo tofauti iliyopo kati ya njia ya fedha na njia ya dhahabu, ambayo haifiki hata omu moja, haiwezi kuonekana katika usomaji wako. Elektrodi ya kihisi inatakiwa iwe na uvumilivu: ibaki pale ilipowekwa, isibadilike kwa joto wala kwa hewa, na isiiingilie oksidi katika kazi yake.

Kilichokuangusha ni joto. Oksidi ya bati huhisi gesi vizuri ikiwa na joto la kati ya nyuzi 200 na 400 za Selsiasi, na gundi uliyoitumia ni punje za fedha zilizoshikamanishwa na resini ya epoksi, ambayo haikuumbwa kwa joto hilo. Ikikaa kwenye nyuzi 300 resini huungua kidogo kidogo, punje huachana, na mwisho wake ni huo ulioushuhudia, yaani ukinzani unaopanda bila kushuka na elektrodi inayobanduka kama gamba.

Unachohitaji ni rojo la metali la kuchomwa tanurini, ambalo wauzaji hulitaja kwa jina la pasti. Ndani yake mna unga laini wa metali, unga wa kioo, na kibebeo kizito kama asali, ambacho kwa kawaida ni selulosi ya ethili iliyoyeyushwa katika terpineoli. Kibebeo kazi yake ni kulifanya rojo lichapike. Tanurini huungua chote na kuondoka. Kioo huyeyuka na kuingia katika vinyweleo vya alumina, kikashika huko kama mizizi, huku punje za metali zikiungana zenyewe kwa zenyewe bila kuyeyuka. Marojo mengi ya aina hii huchomwa kwa nyuzi 850 kwa muda wa dakika 10 hivi. Kumbuka utaratibu: elektrodi huchomwa kwanza, ndipo oksidi ya bati ipakwe na kuchomwa kwa joto la chini zaidi.

Pengine utauliza kwa nini usinunue rojo la fedha la kuchomwa, maana fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 na ingestahimili tanuri hilo. Ingestahimili, lakini ina maradhi mawili. La kwanza ni kuhama. Pale penye unyevu na volteji ya mkondo mnyofu, fedha huyeyuka kidogo kidogo upande wa chanya, ikavuka pengo na kuota upande wa hasi kama matawi ya mti, hadi elektrodi mbili zigusane. Na jikoni mvuke haukosekani. La pili ni salfa. Ile harufu kali ya gesi ya mtungi huwekwa makusudi ili uvujaji utambulike, na hutokana na michanganyiko ya salfa, ambayo ni adui wa fedha, kama anavyojua kila mwenye bangili ya fedha iliyowahi kumweusikia. Salfa hiyo ni kidogo mno na siyo iliyoharibu kazi yako kwa siku tatu, lakini king'ora cha gesi hutarajiwa kufanya kazi kwa miaka.

Kwa hiyo tumia dhahabu. Haishiki kutu, haiweusiki, na haichochei sana gesi kuungua juu yake. Ukiwa na kihisi cha aina ya MQ (vile vihisi vya gesi vidogo vya kuuzwa tayari) kilichokufa, kifungue uone: ndani mna kineli cha alumina kidogo kuliko punje ya mchele, pete mbili za dhahabu zimechapwa juu yake, nyaya za platini nyembamba kama unywele zinatoka kwenye pete hizo, na koili ya nikeli na kromi imepita katikati ya kineli kama hita. Umbo hilo linatokana na kazi ya Naoyoshi Taguchi wa Japani, aliyeomba hataza ya kihisi cha oksidi ya bati mwaka 1962.

Usiogope bei kabla ya kupiga hesabu. Elektrodi zenye eneo la milimita 4 za mraba na unene wa mikromita 10 zina dhahabu isiyofika miligramu moja. Gharama iko katika kununua kikopo kizima, ndiyo maana ningekushauri chuo chenu kinunue kimoja mkitumie wote. Nyaya nazo usizilehemu kwa risasi ya kawaida, kwa sababu bati lililomo huila dhahabu. Laza uzi wa dhahabu au platini juu ya elektrodi, weka tone la rojo lile lile, kausha, kisha choma tena.

Swali: Mimi nachapa fulana Mombasa. Kijana wangu anataka nimchapie elektrodi za dhahabu kwa skrini zangu. Zitafaa?

Jibu: Mkono wako utafaa kuliko skrini zako. Kazi ni ile ile ya kusukuma wino upite katika matundu, ila wavu wa fulana una matundu makubwa, hivyo mistari iliyokaribiana itamwagikiana. Kwa rojo hili hutumiwa wavu wa chuma kisichoshika kutu, mara nyingi wenye nyuzi 325 kwa inchi. Hakikisha pia kwamba dawa ya kuzibia matundu haiyeyushwi na terpineoli. Korogeni rojo taratibu kwa kijiko bapa ili lisipate viputo, mpitishe mpira mara moja kwa mkono usiotetemeka, kisha mwache kibao kitulie dakika 10 mahali pasipo vumbi, ili alama za wavu zijisawazishe. Kikausheni kwa nyuzi 120 hadi 150 kwa robo saa.

Tanuri la umeme la wafinyanzi linaweza kuchoma, mradi kipande kisigusane na rangi za vyungu na hewa iingie vya kutosha wakati joto linapanda kati ya nyuzi 300 na 450, kwani hapo ndipo kibebeo kinapoungua. Hewa ikikosekana, masizi hubaki ndani ya metali na kuilegeza. Msikicheleweshe pia kwenye kilele cha joto, kwa sababu kioo kitapanda juu na kuifunika dhahabu. Elektrodi itaonekana safi machoni, lakini oksidi haitaigusa.

Swali: Ikiwa dhahabu ni bora hivyo, mbona kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi ya gari kina platini? (Fundi magari, Kisumu)

Jibu: Kwa sababu kazi ni nyingine. Kihisi hicho, ambacho Bosch ilianza kukitengeneza kwa wingi mwaka 1976, hutumia keramiki ya zirkonia, na elektrodi yake lazima ishiriki katika kuivunja oksijeni na kuiunganisha na gesi ambazo hazijaungua. Platini huchochea hayo, tena ina vinyweleo vinavyoruhusu gesi ifike hadi kwenye zirkonia, na huyeyuka kwenye nyuzi 1,768 wakati dhahabu huyeyuka kwenye 1,064. Uchochezi huo huo ndio unaotuudhi katika oksidi ya bati, kwani sehemu ya gesi huungua kwenye elektrodi kabla haijahisiwa.

Hata hivyo, mwanafunzi wetu wa Arusha anaweza kuichapa platini nyuma ya kibao iwe hita. Ukinzani wake hupanda kwa mpangilio, na waya safi wenye omu 100 kwenye nyuzi 0 hufika omu 212 kwenye nyuzi 300. Ukinzani wa platini ya rojo hupanda chini ya hapo kidogo, kwa hiyo aupime wake mwenyewe kwanza, kisha hita hiyo hiyo itamwambia joto la kihisi bila kipimajoto kingine.