Runinga kama kioo cha gemu za kompyuta: tazama ucheleweshaji kabla ya inchi

Vijana wengi wa hapa Dodoma, hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na wapangaji wa chumba kimoja, huniuliza kama runinga waliyo nayo inaweza kuwa kioo cha kompyuta ya gemu, au ni lazima wajibane wanunue monita. Mimi huchezea runinga ya inchi 43 sebuleni kwangu Ilazo, ileile ambayo familia hutazamia taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na jibu langu ni kwamba runinga inafaa kabisa, mradi ujue kinachopimwa. Wanunuzi wengi hupima inchi, ilhali kinachoamua raha ya mchezo ni ucheleweshaji, yaani muda unaopita tangu ubonyeze kitufe hadi tendo lionekane kwenye kioo.

Runinga imetengenezwa kwa ajili ya mtazamaji. Kila picha inayoingia husafishwa chenga, hukolezwa rangi, na katika runinga nyingi huundiwa picha za kati ili mwendo uonekane laini. Ili kuunda picha ya kati, runinga hulazimika kuizuia picha ya sasa hadi inayofuata ifike. Mtazamaji wa tamthilia haathiriki kwa kuwa sauti nayo hucheleweshwa sawia, ila mchezaji huathirika papo hapo. Ucheleweshaji huo unaweza kuvuka milisekunde 100, na kwa gemu inayotoa picha 60 kwa sekunde hizo ni picha sita nzima: mpira umekwishatinga wavuni, nawe ndiyo kwanza unamwona mshambuliaji akiupiga.

Tiba yake imo ndani ya runinga yenyewe. Shika rimoti, ingia kwenye mipangilio ya picha na utafute hali iliyoandikwa “Game”. Ukiiwasha, runinga huacha sehemu kubwa ya usafishaji huo, na nyingi za miaka ya karibuni hushuka hadi milisekunde 20 au chini ya hapo. Katika runinga nyingi mpangilio huu huwekwa kwa kila tundu la HDMI, yaani tundu la waya unaoleta picha na sauti, peke yake, hivyo ukihamisha waya kwenda tundu jingine, hakikisha upya.

Si lazima uniamini kwa maneno, pima mwenyewe. Kama simu yako hurekodi mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, rekodi kipanya na kioo kwa pamoja unapobofya, kisha isogeze video picha kwa picha, ukihesabu tangu kidole kishuke hadi kioo kibadilike. Kila picha ni takribani milisekunde 4. Hesabu hiyo inajumuisha ucheleweshaji wa kompyuta pia, lakini ukipima hali ya gemu ikiwa imezimwa na kisha ikiwa imewashwa, tofauti utakayoipata imetoka kwenye runinga. Kwangu mimi kipimo hiki kina thamani kuliko sifa zote zilizochapishwa kwenye boksi, hasa zile namba kubwa za mwendo ambazo mara nyingi si idadi halisi ya picha ambazo kioo huonyesha kwa sekunde.

Baada ya hapo tazama maandishi. Fungua ukurasa mtupu, andika maneno mekundu juu ya rangi ya bluu, kisha sogea karibu. Kingo za herufi zikionekana kama zimelowa, runinga inapunguza taarifa za rangi, jambo lisiloonekana kwenye filamu lakini linalochosha macho ukisoma. Mara nyingi hutibika kwa kubadili jina la tundu kwenye menyu liwe “PC”. Weusi ukionekana wa kijivu, nenda kwenye mipangilio ya kadi ya michoro, yaani sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha, na uhakikishe kiwango cha rangi cha kompyuta na cha runinga vinalingana. Tena, chomeka waya kwenye tundu la kadi ya michoro yenyewe, si lile la ubao mama, yaani ubao mkuu wa kompyuta.

Kwa wenye runinga ya 4K, yaani yenye nukta za picha mara nne ya zile za 1080p, tundu na waya vina neno lao. HDMI 1.4 hupitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, HDMI 2.0 hufikisha 60, na HDMI 2.1 hufikisha 120. Kama kadi yako ni ya kawaida, cheza kwa 1080p bila wasiwasi.

Umbali nao usipuuzwe. Runinga ya inchi 43 yenye 1080p huonyesha vidoadoa ukiikaribia mezani, na macho hutulia ukikaa karibu mita 1.7. Kwa hiyo inamfaa anayecheza mpira au mbio za magari akiwa na padi ya kuchezea gemu kwenye kochi. Anayeshindana mtandaoni kwa gemu za kulenga shabaha nitamshauri monita, tena bila kusita, kwa sababu kwake kila milisekunde ina maana.

Kwa hali ya Dodoma, weka stebilaiza, maana umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huharibu runinga na kompyuta kwa pamoja. Wakati wa kiangazi vumbi letu hujaa kwenye matundu ya nyuma. Lipulize kabla ya kufuta kioo, na ufute kwa kitambaa laini kikavu bila kukandamiza.

Ukienda kununua runinga mpya, muuzaji atakuwekea video ya maua na samaki kutoka kwenye flashi, ambayo hupendeza kwenye kioo chochote. Nenda na kompyuta mpakato na waya wako wa HDMI, omba uchomeke, washa hali ya gemu, kisha zungusha kipanya kwa kasi uone kama mshale unafuata mkono. Akikataa, nenda duka la pili.