Kabla ya Kuilaumu Kingamwili, Safisha Damu

Kuna sampuli iliyonikosesha usingizi. Kipimo cha utendaji, yaani kinachopima kimeng'enya kinavyofanya kazi, kilishaonyesha kuwa mwenye damu ile ana upungufu mkubwa wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe nyekundu zisipasuke mtu anapotumia dawa kama primakwini ya malaria. Lakini nilipoweka kingamwili ya G6PD (protini inayoinasa G6PD peke yake) kwenye westani bloti, kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa kwenye jeli kisha kuionyesha ile unayoitafuta kama mstari, mstari ukatokea mweusi tii kwenye kilodaltoni 59, ukubwa wa G6PD, kama wa mtu asiye na tatizo lolote. Nikaamua kingamwili ni mbovu. Tukaagiza nyingine, tukasubiri wiki kadhaa, na majibu yakawa yale yale.

Dada mmoja tuliyekuwa naye maabara akaniuliza swali moja tu: "Lile tabaka jeupe ulilitoa lote?"

Nilikuwa nalifyonza juu juu kwa pipeti. Ukizungusha damu kwenye sentrifuji, chembe nyeupe hukaa tabaka jembamba kati ya plazima na chembe nyekundu. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo haitengenezi kimeng'enya kipya katika siku zake 120 hivi. Hutumia kile ilichoanza nacho, na katika aina ya upungufu iitwayo A-, iliyoenea Afrika, hicho huharibika upesi. Chembe nyeupe ina kiini na inaendelea kutengeneza G6PD yake. Zikibaki kidogo tu, utakuwa unazipima hizo. Sasa napitisha damu kwenye safu ya selulosi inayozinasa chembe nyeupe, kisha naangalia tone kwa hadubini kabla ya kuzivunja chembe. Hatua hiyo usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kumbuka pia himoglobini ni zaidi ya asilimia 90 ya protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu. Ukijaza sampuli nyingi, jeli inavurugika chini na mistari ya juu inapinda.

Ninalolisisitiza kwa vijana wote wanaoanza ni hili: kingamwili inakuonyesha kwamba protini ipo. Haikuambii kama inafanya kazi. Utendaji unapimwa kwa kufuatilia NADPH, molekuli inayotengenezwa G6PD inapofanya kazi, inavyoongezeka kwenye mwanga wa nanomita 340. Kingamwili iliyoandikwa kuwa ni ya utafiti pekee isitumike kumpa mgonjwa majibu, hata daktari akikusihi. Akipewa primakwini kwa kuamini mstari wako, damu yake inaweza kuvunjika mwilini.

Kuhusu utunzaji, gawa kingamwili kwenye vichupa vidogo siku ile ile inapofika, uvigandishe kama maelekezo yake yanaruhusu, na kilichoyeyushwa usikigandishe tena. Soma lebo uone kama ina azidi ya sodiamu, dawa ya kuzuia isioze, maana azidi huzima peroksidasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga kwenye bloti.

Chupa ya kwanza, ile niliyoihukumu, sikuwa nimeitupa. Niliirudia kwa damu iliyosafishwa vizuri. Mstari ulikuwa hafifu sana, kama kipimo cha utendaji kilivyosema tangu mwanzo.