Kanga wa uani: jibu kwa aliyehamia Kinango

Msomaji mmoja wa Likoni ameniandikia wiki hii. Amenunua ekari mbili upande wa Kinango, amejenga vyumba viwili vya mabati, na kila alfajiri kundi la kanga hupita nyuma ya jiko likichakura mchwa. "Ndugu yangu," auliza, "nikitega wawili watatu wa kuwapikia watoto, kuna ubaya?"

Upo, tena mkubwa. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikupi haki ya kumla ndege wa porini kwa sababu tu amekanyaga shamba lako. Hati uliyopewa ni ya ardhi. Kanga, kororo wa msituni, kwale, hata mayai utakayoyakuta chini ya kichaka, waache. Na ile nyama inayopitishwa kichinichini usiinunue kabisa. Wako wategaji wanaoloweka mahindi kwa dawa ya wadudu na kuyamwaga njiani mwa ndege. Sumu hiyo huioni kwa macho, na kuchemsha hakuiondoi. Mzazi hana sababu ya kumtilia mtoto sahani hiyo.

Njia halali ni kumfuga. Kanga hufugwa kwa kibali cha Shirika la Wanyamapori, KWS, na kibali hutangulia ndege. Nenda ofisi yao iliyo karibu nawe, eleza unataka wangapi na utawaweka wapi, wakague. Kisha nunua kwa mfugaji mwenye kibali chake, na uhifadhi nakala ya kibali hicho pamoja na risiti. Kanga wa banda na wa porini wana madoadoa yale yale, kwa hivyo bila karatasi huna cha kumwonyesha afisa.

Kuhusu shamba lenyewe, nitagusa mawili. Ardhi ya kilimo huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba wa kuuziana. Kama muuzaji anakuzungusha, mbane sasa. Halafu maji: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25 hukupa lita 1,000, toa kama lita 200 zinazomwagika na kuruka. Funga michirizi kabla ya masika ya Machi, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache iende, maana hiyo huosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Banda la mita 3 kwa 4 latosha kanga 30. Waya uwe wa matundu ya nusu inchi, ufukiwe sentimita 30 ardhini, kwa sababu nguchiro huchimba na kenge hupenya kufuata mayai. Weka fito za kulalia juu. Pembe za banda zizibe kwa mbao ziwe mviringo: kanga akishtuka usiku hukimbilia pembeni, wenzake humrundikia, na asubuhi utaokota mizoga isiyo na jeraha. Watu wengi hulaumu ugonjwa, kumbe ni pembe.

Anza na mayai, usianze na ndege wazima. Mkubwa ukimnunua leo na kumfungulia kesho, ataruka ajiunge na wale wa porini, na hutamwona tena. Mayai yasizidi siku saba tangu kutagwa, yawekwe penye ubaridi, ncha ikiangalia chini. Mpe kuku wa kienyeji aliyeanza kulalia, mayai 15. Usimchanganyie na ya kwake! Yai la kuku huanguliwa siku ya 21, la kanga siku ya 26 hadi 28. Vifaranga vya kuku vikitoka, mama huondoka navyo, na ya kanga hupoa yakiwa yamebakisha siku chache tu. Na kanga jike usimtegemee kwa malezi. Hutembeza watoto kwenye majani yenye umande, wakalowa, wakafa kwa baridi mmoja baada ya mwingine.

Wiki mbili za mwanzo ndizo zinazoua. Wakiwa kwenye bruda, yaani kizimba cha kuwapasha vifaranga joto, wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 35 hadi 37, kisha upunguze nyuzi tatu kila wiki. Kwa joto la Kinango, kuanzia wiki ya tatu mara nyingi watahitaji kupashwa usiku tu. Ukitumia jiko la makaa, acha upenyo wa hewa juu, la sivyo moshi usioonekana utawalaza wote. Chini tandika maranda, na siku tatu za kwanza yafunike kwa gunia ili wasiyale. Gazeti halifai: huteleza, miguu ya kifaranga hutanuka na hairudi. Sahani ya maji ijaze kokoto, kwani kifaranga wa kanga huzama hata kwenye maji ya kina cha kidole.

Chakula cha vifaranga wa kuku huwa na protini kama asilimia 18. Kanga mchanga ataka 24. Kila kilo moja ichanganye na gramu 150 za dagaa wakavu waliosagwa. Hakikisha si dagaa wa chumvi. Chumvi nyingi huwaua vifaranga, na dagaa wengi sokoni wametiwa chumvi, kwa hivyo onja kwanza kwa ulimi wako. Chanjo ya kideri usiiruke, kwani kideri kikiingia hufagia kuku na kanga pamoja.

Wakifika wiki ya sita wahamishie bandani na uwafungie humo wiki sita nyingine. Halafu anza kuwatoa wachache, saa moja kabla ya magharibi, wakiwa na njaa. Waliobaki ndani wataita, na walio nje watarudi. Tikisa mtama ndani ya kopo kila jioni wakati ule ule, wataujua mlio. Jike utamtambua kwa sauti ya vipande viwili. Dume hana mlio huo. Dume mmoja latosha kwa majike wanne au watano.

Sasa nyungu. Kanga wa wiki 15 au 16 huwa na kilo moja na robo hivi. Mchinje kwa utaratibu wa dini yako, mtumbukize dakika moja kwenye maji ya nyuzi 60. Maji yakichemka, ngozi yake nyembamba hupasuka na manyoya hukatikia ndani. Mlaze usiku mmoja penye baridi kabla ya kupika.

Nyama yake ni nyeusi kidogo na haina mafuta, ndiyo maana ukimchoma moja kwa moja kama kuku wa gredi hutafuna kamba. Mpake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, akae saa nne. Nazi kubwa moja ikune, ukamue tui zito kikombe kimoja na jepesi vikombe vitatu. Mchemshe katika tui jepesi kwa moto mdogo dakika 45, aliyekomaa saa mbili. Mtoe, umweke juu ya makaa dakika saba ukimgeuza na kumpaka lile rojo la tui jepesi. Tui zito lipashe peke yake na ukwaju, ukikoroga upande mmoja bila kuacha. Likitokota kwa nguvu hukatika, na tui lililokatika halirudi. Mmwagie akiwa wa moto, kwa wali mweupe au mkate wa mofa, na mifupa irudishe kwenye lile tui lililobaki chunguni kwa supu ya usiku.