Kudai risiti si kumgusa mpakwa mafuta

Mwanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku tu wazima, ni mvua tu inayotusumbua.

Nimeusoma ujumbe wako taratibu. Unasema mchungaji alichukua fedha za ujenzi akanunue mabati. Mabati yamefika, risiti hazijafika. Wewe ndiye mhazini, ukamwuliza kwenye kikao cha kamati, naye akafungua Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu," yaani wapakwa mafuta wangu, "wala msiwadhuru nabii zangu." Kikao kikaishia hapo. Sasa unaniuliza mimi, niliyekuwa mzee wa kanisa kabla hujazaliwa, kama kumdai mtumishi wa Mungu hesabu ni kumgusa.

Hapana, mama. Ila nina neno na wewe pia, nitalifikia.

Ile zaburi ianzie mstari wa 12. Inawasimulia Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipokuwa wachache, wageni, wakihama taifa hata taifa. Walioambiwa "msiwaguse" ni wafalme. Farao alimchukua Sara akamtia nyumbani kwake, na Abimeleki wa Gerari akafanya vilevile. Mungu alikuwa anawakanya wenye majeshi wasiwaonee watu wa mahemani. Leo neno hilohilo linasomwa na mwenye funguo za ofisi ili mhazini anyamaze. Mimi hapo siwezi kusema amina.

Wanaopenda mstari huo hupenda pia kumtaja Daudi, na kweli Daudi ni mwalimu wetu katika jambo hili. Mfalme Sauli alimfuata En-gedi na watu 3,000, akaingia kwenye pango lilelile alimojificha Daudi. Daudi akakata upindo wa vazi lake, moyo ukamchoma, akawakataza watu wake wasimguse masihi wa Bwana. Mahubiri mengi huishia hapa. Endelea mpaka mstari wa 8 wa 1 Samweli 24. Daudi anatoka pangoni, anaita, "Bwana wangu, mfalme," anainama mpaka chini, kisha anamwonyesha kile kipande cha nguo na kumwuliza mbona anasikiliza maneno ya watu. Anamwambia Bwana ataamua kati yao, lakini mkono wake hautakuwa juu yake. Alimheshimu, na bado akauliza waziwazi, ushahidi ukiwa mkononi. Katika sura ya 26 akafanya tena, safari hii kwa mkuki na gudulia la maji. Sauli akamsihi arudi. Daudi akamwambia atume kijana mmoja aje auchukue mkuki, akashika njia yake.

Tena usiruhusu mtu akuite Kora. Kora na wale wakuu 250 waliomwasi Musa walikuwa wanautaka ukuhani, hawakuwa wanatafuta stakabadhi. Na hata siku ile, Musa alipochukizwa, alijitetea mbele za Mungu kwamba hakutwaa kwao hata punda mmoja. Samweli naye, alipowaaga Israeli, alisimama mwenyewe akawauliza: nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani? Hakungoja kuulizwa.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 38, ndiyo ningependa isomwe kila mwaka kwenye mkutano mkuu, ingawa watu wangesinzia. Musa aliagiza vifaa vya maskani, ile hema ya ibada, vihesabiwe chini ya Ithamari, mwana wa Haruni. Dhahabu ilikuwa talanta 29 na shekeli 730. Fedha imeandikwa ilikokwenda, mpaka zile shekeli 1,775 zilizotengeneza kulabu za nguzo. Kulabu, mama! Huyo ni Musa, aliyesema na Mungu uso kwa uso, na hakuona ameshushiwa hadhi. Paulo naye hakutaka mchango wa maskini wa Yerusalemu upite mkononi mwa mtu mmoja. Aliutuma pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili, anasema katika 2 Wakorintho 8, mtu asije akawalaumu.

Sasa lile neno langu. Ile sauti uliyoirusha kwenye kundi la kwaya, ukimwigiza mchungaji anavyoshuka kwenye gari, imenifikia hata mimi huku kijijini. Hiyo sasa ndiyo kumgusa. Paulo alipigwa kinywani kinyume cha sheria, akamwita Anania "ukuta uliopakwa chokaa." Alipoambiwa kwamba yule ni kuhani mkuu, aliliacha tusi palepale, akanukuu torati: "Usimnenee mabaya mkuu wa watu wako." Utetezi wake hakuuacha. Ifute hiyo sauti, uwaombe wanakwaya radhi, na mchungaji umfuate mwenyewe umwombe radhi kabla hujataja mabati.

Kisha nenda na mwenyekiti wa kamati na katibu. Usiende peke yako, wala usiende na umati. Mwambie, "Mchungaji, tunafunga hesabu za robo, tunaomba stakabadhi za mabati." Usimdhanie wizi. Huenda risiti ipo kwenye gari imefifia. Karatasi za zile mashine zikikaa juani maandishi hufutika. Ikiwa ni hivyo, mwenye duka atawapa nakala, wala hakuna haja ya kelele.

Akikataa, swali lako liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, lipelekwe baraza la wazee, na likishindikana huko lipande jimboni. Timotheo aliambiwa asikubali mashitaka juu ya mzee ila kwa mashahidi wawili au watatu, kwa hiyo hata mlango wa kushtaki upo, umewekewa utaratibu tu. Taarifa ya robo usiisaini kabla hujaona karatasi, hata akikusomea zaburi zote 150.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama yale maharage yalifika na basi. Kikao kikiisha nipigie.

Baba yako